Tundu la Tatu la Ezra Tromans

Kulikuwa na mambo mawili ambayo Ezra Tromans wa Cradley Heath hakuyakubali kamwe: kwamba macho yake yalikuwa yamezeeka, na kwamba bunduki ya upepo inaweza kuwa na kifyatulio kizuri chenye matundu zaidi ya mawili. Jambo la kwanza tulimwachia yeye na mkewe. La pili lilituhusu sote, kwa sababu Ezra ndiye aliyekuwa mshika ufunguo wa kabati la bunduki katika baa ya Nanga.

Alizaliwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye tanuri ambamo mama yake alikuwa akifua minyororo, na yeye mwenyewe akaingia kazi hiyo kabla ndevu hazijaota. Mikono yake ilikuwa minene, yenye makovu ya cheche hadi viwikoni. Lakini kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa laini kama cha karani wa benki. Alikivisha kifuko cha ngozi kila alipokuwa motoni ili kisiote sugu, na wenzake walimcheka miaka yote, wakamwita bibi harusi, wakamwuliza pete ataivaa lini. Ezra hakujali. Kidole kile kilikuwa cha Ijumaa.

Ijumaa kwetu ilikuwa siku ya kengele. Kila baa ilikuwa na timu yake, na kila timu ilitembelea nyingine kwa zamu tangu majira ya kupukutika majani hadi mwanzo wa joto. Mwisho wa chumba kulitundikwa bamba la chuma lililopakwa chokaa, katikati yake pana tundu dogo, na nyuma ya tundu kengele. Unasimama, unapumua, unafyatua. Risasi ikipita tunduni, kengele inalia na watu wanarudi kwenye glasi zao. Isipopita, inaacha doa jeusi kwenye chokaa, na doa hilo litazungumzwa mpaka Ijumaa ijayo.

Mshika ufunguo alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alikalia kiti kilicho karibu na moto, na wageni walimnunulia bia ya kwanza kabla hawajajinunulia yao. Jumapili bunduki ililala kwake, akaifuta na kuitia mafuta. Ezra hakuwa msimamizi kiwandani wala mzee wa kanisa, na watoto wake wote walikuwa wamehamia Coventry kuunda magari. Ufunguo ule ndio uliokuwa cheo chake duniani, naye alikuwa ameushika kwa muda mrefu kiasi kwamba mfuko wa kizibao chake ulikuwa na umbo lake.

Sasa niseme habari za matundu. Bunduki zetu zilikuwa za zamani, kutoka kiwanda kimoja cha Birmingham kilichofungwa kitambo, na kiwanda hicho kilikuwa na tabia ya kubadili kijumba cha kifyatulio, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba kila kinachosogea ukivuta kidole. Vijumba vya mwanzo vilikuwa na matundu mawili ubavuni: pini moja ilibeba kifyatulio chenyewe, nyingine ilibeba kishikizi kinachozuia pistoni. Baadaye wakaongeza tundu la tatu. Pini yake ilibeba kijipande cha katikati, na chini yake paliwekwa skrubu ndogo ya kukaza au kulegeza. Watu wa Mawili walitaka mvuto mmoja, safi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wa Matatu walitaka kuhisi hatua ya kwanza, watue kidogo, kisha hatua ya pili. Hapa kwetu walikuwapo watu walioimba kwaya moja Jumapili lakini wasingekaa benchi moja Ijumaa, kwa sababu ya kijipande hicho ambacho kingepotea ndani ya mkate.

Cyril Tonks alikuwa mtu wa Matatu. Alitoka Willenhall, kwa mafundi kufuli, akahamia kwetu akiwa mtu mzima, na alikuwa kaka wa Kezia, mke wa Ezra. Watu wa Willenhall huinama juu ya jiliwa la kubania chuma tangu utotoni mpaka migongo inakataa kunyooka, na Ezra hakuacha kumkumbusha. Alisema shemeji yake akitaka kuona kengele ni lazima kwanza atafute mahali pa kuegemeza nundu. Cyril naye alisema watu wa minyororo hujua maumbo mawili tu, pete na pete nyingine, ndiyo maana hesabu yao ya matundu inaishia hapo.

Mwaka Cyril alipochaguliwa nahodha, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba bunduki ya Nanga ibadilishwe kijumba. Alikuwa ameshanunua cha matundu matatu kwa mchuuzi wa vyuma chakavu, akakiweka juu ya kaunta ya Bi Florrie, mwenye baa, katikati ya mayai ya siki. Ezra alikitazama kwa mbali, maana kwa karibu asingekiona, akasema kitu kile kinafaa kuzuia mlango. Mabishano yakaendelea mpaka Bi Florrie akatishia kufunga pipa. Ndipo yakafikiwa makubaliano mbele ya wote. Msimu mzima utapigwa kwa Matatu. Nanga isipochukua kombe, kijumba kile kitatupwa mferejini na Ezra atashika ufunguo mpaka azikwe nao. Nanga ikichukua kombe, ufunguo utahamia kwa Cyril, pamoja na kiti na bia ya wageni.

"Na ukibadilishe wewe mwenyewe," Cyril alimwambia, "usije ukasema nilikuharibia bunduki."

Hilo lilikuwa kosa la Cyril. Ezra alikubali upesi mno, na mtu yeyote aliyemfahamu angeshtuka.

Jumapili ile alikichukua kijumba cha Cyril, akakifunga kwa kitambaa, akakificha katika kopo la mbegu za maharagwe kwenye kibanda chake cha uani. Kisha akatoa kile cha zamani cha matundu mawili kutoka kwenye bunduki, akakibana kwenye jiliwa, na kwa keekee ya mkono akakitoboa tundu la tatu. Akachonga pini ya kuliziba, pini isiyoshika chochote. Chini akatia skrubu ndogo iliyozunguka vizuri kabisa katika shimo lake bila kugusa kitu. Kwa nje ungeapa kuwa ni Matatu. Kwa ndani kilikuwa ni Mawili vilevile, na Ezra alikisugua kishikizi kwa jiwe la kunolea mpaka mvuto wake ukawa kama kuchomoa unywele kwenye siagi.

Mpango wake ulikuwa huu. Nanga ikishindwa, lawama ni ya Matatu, na ufunguo unabaki. Nanga ikishinda, siku ya karamu atafungua bunduki mezani, atawaonyesha wote kuwa wameshinda kwa Mawili, na ufunguo unabaki, tena Cyril atarudi Willenhall kwa miguu. Aliupitia mpango huo kila upande akitafuta penye ufa. Hakupaona.

Ila kwa kazi ile ndogo alihitaji kuona karibu, na miwani hakuwa nayo. Akaazima ya Kezia bila kumwambia. Na chuma kilichotobolewa upya hung'aa, kwa hiyo alikipasha moto kwenye jiko la Kezia, akakichovya katika kikaango chake chenye mafuta ya nyama ili kiwe cheusi kama cha zamani. Kesho yake mkate wa kukaanga ulikuwa na ladha ya reli. Kezia alikula kipande kimoja, akaivua miwani, akaifuta unga wa chuma kwa pindo la aproni, akaivaa tena. Hakusema kitu. Ezra alichukulia kuwa hakuna kitu cha kusema.

Msimu ukaanza, na Nanga ikawa haikamatiki.

Tuliokuwa tukitazama tuliona mambo ya ajabu. Kabla ya kila mchezo Cyril alitoa bisibisi ndogo kama ya fundi saa, akapiga magoti, akaizungusha ile skrubu robo upande huu, akasikiliza, akarudisha nusu ya hiyo robo. Alisema usiku wenye unyevu unataka ilegezwe kidogo. Watu wa Matatu waliokuwa kwenye timu walieleza kwa furaha jinsi walivyoihisi hatua ya kwanza, kisha ile ya pili. Mmoja alidai kuhisi hata mahali zinapokutana. Ezra alikaa kwenye kiti chake karibu na moto, amekumbatia glasi, uso wake umetulia kama wa mtu aliye kwenye mahubiri, na mara mojamoja mabega yake yalitikisika. Ukimwuliza, alisema ni kikohozi.

Wakati mwingine alimchokoza. Alimwomba Cyril amweleze tena, polepole, kazi ya kijipande cha katikati, na Cyril alimweleza, akichora kwa kidole kwenye bia iliyomwagika. Ezra aliitikia kwa kichwa. Alisema kweli mtu hajifunzi akamaliza.

Fainali ilipigwa Nanga, dhidi ya baa ya Bata Mzinga kutoka ng'ambo ya mfereji. Chumba kilijaa mpaka wengine wakatazama kupitia dirisha la jikoni. Mpaka anasimama mpigaji wa mwisho, Bata Mzinga walikuwa mbele kwa kiasi ambacho kengele moja tu ingekigeuza. Na mpigaji wetu wa mwisho alikuwa Ezra.

Baadaye alikiri kwamba pale aliposimama, alifikiri kukosa. Doa moja jeusi kwenye chokaa, na ufunguo ungekuwa wake usiku uleule, bila hotuba wala maelezo. Lakini angekuwa amepoteza uso wa Cyril wakati wa kufunguliwa bunduki, nao uso huo alikuwa ameuweka akiba majira yote ya baridi. Akavua kile kifuko cha ngozi kidoleni. Akapumua. Akavuta, na kengele ikalia.

Karamu ilikuwa palepale. Bi Florrie alileta njegere za kijivu na nyama ya nguruwe ya chumvi, na matonge ya maini yaliyozama kwenye mchuzi. Cyril alisimama akalizungumzia tundu la tatu kwa heshima ambayo wengine huwawekea marehemu. Alipomaliza, alinyoosha mkono kuelekea kizibao cha Ezra.

Ezra akasema subiri kidogo, shemeji. Akaomba sahani ziondolewe. Akailaza bunduki mezani, akakifungua kijumba kwa nyuma, taratibu, akiizuia springi kwa kifua kama alivyozoea, akakinyanyua juu ili wote waone.

"Tangu Septemba," alisema, "mkubwa huyu amekuwa akipiga magoti mbele ya skrubu isiyoshika kitu. Tundu hili nililitoboa mimi, kwa mkono wangu. Hiki ni Mawili. Kombe lenu mmelichukua kwa Mawili. Haya, nani ana macho aje aangalie hii pini imebeba nini."

Cyril alikuwa amebadilika rangi. Lakini alikuwa na miwani, na alikuwa fundi kufuli. Akakichukua kijumba mkononi mwa Ezra, akakisogeza kwenye taa, akakigeuza. Rangi ikamrudia kidogo kidogo, kuanzia masikioni. Akatia ncha ya kidole kidogo ndani, akasukuma. Kitu kikalia tik.

"Pini imebeba kijipande cha katikati, Ezra," alisema. "Ilivyotoka kiwandani."

Ezra alikipokonya. Hakuweza kukiona, ila kidole chake kile cha Ijumaa kiliingia ndani na kukikuta kijipande kikiwa mahali pake, kikisogea, kimelowa mafuta aliyoyatia yeye mwenyewe. Nahodha wa Bata Mzinga, aliyekuwa ameshindwa na hivyo ana haki ya kufurahi, aliuliza kama mzee amepigwa na moto wa tanuri kichwani. Hapo kicheko kikaanza, na hakikuisha upesi. Ezra alitoa ufunguo kizibaoni, akauweka kwenye kiganja cha shemeji yake, akachukua kofia.

Kesho yake alilimwaga kopo la maharagwe kutafuta kijumba cha Cyril. Mlikuwa na maharagwe tu. Akajua ni Cyril: amevunja kibanda, amegundua, amebadilisha, kisha amekaa kimya akingoja. Siku zote zilizofuata alimchukia kwa namna iliyokaribia kuwa heshima. Cyril kwa upande wake aliamini kabisa kwamba Ezra alibuni habari yote ya kutoboa, kwa uchungu wa kunyang'anywa ufunguo, na alimwambia yeyote aliyetaka kusikia kwamba tumwonee huruma.

Jumapili Cyril alikuja kula kwa dada yake kama kawaida. Alikuwa ameufunga ufunguo kwenye mnyororo wa saa yake, na alitazama saa mara nyingi kuliko mlo wa mchana unavyohitaji. Ezra alikata viazi vyake vipande vidogo mno. Kezia alileta nyama, akaleta mchuzi, akaleta haradali. Kisha, kando ya haradali, akaweka kijumba cha kifyatulio, cheusi, chenye matundu matatu ubavuni.

Wanaume wote wawili waliacha kutafuna. Cyril ndiye aliyekishika kwanza. Aliizungusha ile skrubu kwa ukucha, ikazunguka, ikazunguka tena, ikaendelea kuzunguka bila kugusa chochote. Alitazama ndani. Akakirudisha mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Dada," alisema, "hiki kimetoka wapi?"

"Kwenye kopo langu la vifungo."

Akaeleza, huku akipakua. Alikuwa ameingia kibandani kutafuta vitunguu, akafungua kopo, akakuta kijumba cha kaka yake kimelala kwenye maharagwe. Kabla ya kuolewa alikuwa amekaa miaka mingi akiunganisha kufuli, na springi haimtishi. Bunduki ilikuwa mezani, mzee amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Akatoa hiki, akatia kile. Alisema hakufanya kwa ajili ya Mawili wala Matatu. Alifanya kwa ajili ya kikaango chake, na miwani yake iliyojaa unga wa chuma, na kwa sababu alitaka kuona kama mtu anayejisifu kidole chake kinajua kila kitu gizani ataigundua tofauti.

"Sasa, ulikigundua, mume wangu?"

Ezra alichunguza viazi.

Cyril alikuwa ameanza kucheka, lakini kicheko kikamkwama njiani. Tulimfahamu Cyril, alikuwa anapiga hesabu. Kama Kezia alikibadilisha mwanzoni mwa msimu, basi kombe ni la Matatu na Ezra amepiga majira yote ya baridi kwa kitu anachokitukana, bila kuhisi tofauti. Kama alikibadilisha mwishoni, kombe ni la Mawili, na yeye nahodha amekuwa akipiga magoti Ijumaa baada ya Ijumaa akirekebisha hewa. Ezra naye alikuwa amefika palepale kwa njia yake. Wakatazamana.

"Ulikibadilisha lini?" waliuliza, karibu kwa pamoja.

"Kabla ya fainali," Kezia alisema.

"Hilo tunalijua, dada. Kabla sana?"

Kezia alijipakulia mchuzi. Alisema kumbukumbu yake si mbaya. Alisema Ijumaa ijayo atafika Nanga, na yeyote kati yao atakayesimama mbele ya watu wote na kuuliza kwa sauti, atamjibu palepale, kwa tarehe, tena atataja na hali ya hewa ya siku hiyo. Mmoja atakuwa ameshinda, na mwingine hatalitaja tundu tena maishani mwake. "Haya," alisema, "ni nani atakayeuliza?"

Ulisikika uma wa Ezra kwenye sahani. Cyril alikunywa maji, ambayo hakuwa na desturi ya kunywa. Yeyote kati yao angeweza kupata alichokitaka kwa swali moja, au kupoteza hata kile cha kubishia. Dakika zikapita, nyama ikaanza kupoa, na hakuna aliyejitolea.

"Nilidhani hivyo," Kezia alisema. Akanyoosha mkono juu ya haradali. "Basi huo nipe mimi."

Cyril alimtazama Ezra, na Ezra akainua mabega. Kwa mara ya kwanza tangu wawe mashemeji walikuwa upande mmoja. Cyril akaufungua ufunguo kwenye mnyororo wa saa, akampa dada yake, kisha akaomba apitishiwe viazi.

Tangu hapo mshika ufunguo wa Nanga ni Kezia Tromans. Kiti cha karibu na moto ni chake, na wageni humnunulia glasi ya bia nyeusi ambayo huinywa mpaka mwisho. Vijumba vyote viwili viko kwake. Jumapili bunduki inalala mezani kwake, na ni kipi anachokirudisha ndani hakuna anayemwuliza. Ijumaa huitoa kabatini na kumkabidhi kaka yake, ambaye hupiga magoti na bisibisi yake, akazungusha robo, akasikiliza, akarudisha nusu. Kisha anampa Ezra. Ezra anavua kifuko cha ngozi, anavuta mara moja bila risasi, anafumba macho, na kutangaza kwa uhakika kamili ni matundu mangapi. Kezia anafuta miwani yake kwa pindo la aproni na kusema mchezo uanze.